Arobaini na Tatu, Baada ya Kutoa Gunia

Duka la Fundi,
Mlango wa pili nyuma ya soko,
S.L.P. 416.
Jumapili, tarehe 3 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu,

Naanza na afya yako, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa humu ndani kila asubuhi hata chai haijamiminwa. Kile kikohozi cha mwezi wa sita kimekwisha kabisa? Bado wanakupanga zamu ya alfajiri pale ghalani? Shangazi anasema uvae nguo nzito hata kama wenzako wanatembea vifua wazi, wao hawajui ulivyozaliwa. Mimi ni mzima, isipokuwa macho. Skrubu ndogo sasa nazitafuta kwa kidole kabla ya kuziona. Shangazi ni mzima, na mdomo wake ni mzima zaidi. Baba anaendelea na nyonga yake, nitafika huko.

Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu ujumbe wa sauti unausikiliza kwa kasi mara mbili. Najua. Mwezi wa tano nilikutumia wa dakika sita ukanijibu baada ya dakika tatu. Barua hii ataileta yule nesi wa jirani, anarudi huko keshokutwa, na nimemwambia akukabidhi mkononi.

Ujumbe wako wa tarehe ishirini na moja niliupata. Mistari minne na michoro miwili: wa watazamaji wetu, wenye mstari mwekundu, na wa wachezaji wa dunia nzima. Umesema Ngome Saba ni mchezo wa mtandaoni unaokufa. Umesema watazamaji wetu wa Jumamosi walikuwa sitini na sita mwezi wa nne, wakawa thelathini na wanane mwezi wa tano, yaani asilimia arobaini na mbili zimeyeyuka ndani ya mwezi mmoja. Umesema mwisho wa mwezi huu wa nane utaifunga chaneli yetu ya kutangaza mechi zake, na jina lake utalitumia kwa ule mchezo mpya wa mechi za dakika nane. Na ukaongeza, bila mtu kukuuliza, kwamba wewe mwenyewe hujaifungua Ngome Saba tangu ulipoondoka.

Chaneli iko kwenye namba yako ya simu, kwa hiyo uwezo unao. Hilo sikubishii.

Mwaka jana ningekujibu kwa maneno ambayo Shangazi angenitaka niyafute. Safari hii nilisoma, nikailaza simu kifudifudi, nikamaliza kubadilisha kioo cha mteja. Kilikaa vizuri. Niliendelea kungoja hasira ije, kama mtu anavyongoja maji ya bomba yarudi, nikaona bomba kavu tu, nikafunga duka nikaenda kulala.

Hata hivyo kuna mambo nayasema kwa ajili ya kumbukumbu. Chaneli tulianza wawili, kwenye kile chumba cha nyuma cha duka nililolianzisha kwa meza moja na bisibisi moja ya kuazima. Wewe ulikuwa unatangaza, mimi nahangaika na mtandao. Uliondoka katikati ya ubingwa, zikiwa zimebaki mechi tano, na kipaza sauti kizuri ukaondoka nacho. Jumamosi iliyofuata nilikaa mwenyewe kwenye kiti chako na kipaza sauti cha simu mbovu ya mteja. Askari wa farasi nikawaita punda. Walinicheka mwezi mzima, wakaniita Mama Chaja, na nikarudi kila Jumamosi saa tisa alasiri, miaka miwili, sikukosa hata moja. Sikuwa na kipaji chako. Nilikuwa na saa.

Kwa hiyo nilipopata mchoro wako sikulia nao, nilikaa nao. Mstari haudondoki namna ile bila sababu. Mchezo unaokufa hupungua mtu mmoja mmoja: leo wawili hawapo, mwezi ujao watatu. Watu ishirini na wanane hawaamki siku moja wakaacha mchezo kwa pamoja kama waliopigiwa kengele. Nikaandika kwenye karatasi kila kilichobadilika kati ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nne na Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano. Saa ya matangazo ni ileile. Mtandao ni uleule. Wachezaji ni walewale. Sauti yangu, kwa bahati mbaya, ni ileile. Kilichobadilika ni kimoja tu, nacho hakihusiani na mchezo: Jumamosi ile ya mwisho ya mwezi wa nne, jioni, akifunga duka, Baba aliteleza kwenye ngazi ya mlangoni akavunja nyonga, akahamishiwa kwa Shangazi.

Nilikiandika kisha nikakikata. Nilikiona ni upuuzi.

Jumapili iliyopita nilikwenda kumtazama. Shangazi amempa kile chumba cha dirisha kubwa, kitanda kimesogezwa ukutani, mguu uko juu ya mito miwili, na redio iko mahali ambapo hawezi kuifikia kwa sababu Shangazi hapendi anavyoipandisha sauti. Nilimweleza habari ya ujumbe wako. Sikutegemea jibu, nilikuwa napitisha muda chai ipoe.

“Wamepungua wangapi?” akauliza.

“Kama thelathini.”

“Thelathini.” Akatazama dari. “Na zile simu za kabatini, siku hizi yule fundi wako Mrefu anaziwekea nini?”

“Simu gani tena, Baba?”

“Za majaribio.”

“Marudio ya mpira.”

“Ahaa,” akasema Baba.

Shangazi alikuwa mlangoni na kitambaa cha vyombo. “Usimwambie mtoto ahaa. Kafunga safari kuja hapa, mpe neno zima.”

“Mimi nilikuwa naziwekea yeye,” Baba akasema.

Mdogo wangu, kabati unalikumbuka, lile la soketi arobaini ukutani kwa mbele. Na utaratibu wetu ni uleule: wiki nzima tunatengeneza, Jumamosi mchana simu zote zilizopona zinapangwa kabatini na kuwekewa video saa tatu mfululizo, ndipo tunajua kama betri inahimili na kioo hakigandi, maana Jumatatu asubuhi ile kampuni ya wapeleka mizigo inakuja kuchukua za kwao kwa mkupuo. Zamani kila fundi alikuwa anajaribu za kwake na video aipendayo. Ulipoondoka, na Baba amestaafu mwezi uleule, nikampa yeye kazi hiyo ili asikae nyumbani akibishana na ukuta. Nilimwambia: Baba, ziwekee video yoyote, mradi iwe ndefu. Sikusema ipi.

“Ulisema ndefu,” akajitetea. “Ndefu kuliko ya kwako ni ipi? Siku nyingine unatimiza saa tatu na nusu mfululizo hamjamaliza kugombania ngome ya nne.”

“Zote? Kila simu?”

“Sasa nibague?”

“Na sauti?”

“Nilizima. Ningekupigia kelele, wewe uko nyuma ya ukuta unatangaza. Niliacha moja tu, ya mwisho kushoto, nikusikie.”

Shangazi alilazimika kukaa kitandani, karibu aukalie mguu. “Yaani huyu mtoto miaka miwili alikuwa anahutubia kabati!”

Unajua, kila Jumamosi kabla ya kufunga nilikuwa nawasalimia watazamaji. Walioandika maoni nawataja kwa majina yao ya utani, kisha nasema: na ninyi mlio wengi, msioandika, mnaokaa kimya mpaka mwisho, nawaona, asanteni. Nilikuwa nawapenda kuliko hao wanaoandika. Nilidhani ni watu wenye haya.

“Hapo nilikuwa naitikia,” Baba akasema. “Nasema, asante nawe, mwanangu.”

Nikamwambia ameniharibia hesabu ya miaka miwili. Nilisema kwa sauti ya kawaida. Angalau nadhani ilikuwa ya kawaida, maana Shangazi aliacha kucheka.

Baba hakutishika. Umesahau au bado unakumbuka alivyokuwa anatupima? Miaka thelathini na mmoja karani wa mizani kwenye ghala la nafaka, akirudi nyumbani anatupandisha sisi kwenye mizani yake ndogo tukiwa na viatu, kisha anapima viatu peke yake, kisha anaandika. Wewe ulikuwa unalia kwamba amekuibia kilo.

“Mizani haijakosea,” akaniambia. “Imepima kilichowekwa juu yake. Wewe ndiye hukutoa uzito wa gunia tupu. Daftari si lipo? Nilitia alama kila simu kila Jumamosi, na idadi chini ya mstari. Toa gunia, halafu uje uniambie uzito halisi.”

Nilirudi dukani nikalifungua daftari la matengenezo. Alama zake ziko kama alivyosema, wima, zimepangwa tano tano na mkato juu yake, kama za magunia. Sikutaka kuliamini daftari peke yake, kwa hiyo jana asubuhi, kabla ya wateja, nilifungua matangazo matupu, picha ya ukuta tu, nikachukua simu kumi nikaziwasha kwenye chaneli moja baada ya nyingine. Kihesabio kikaandika kumi. Nikazima nne, kikaandika sita. Nikazima zote. Ilinichukua dakika tano. Nilitegemea nitacheka au nitalia, nikajikuta naangalia sifuri kwenye kioo na kuwaza kwamba soketi ya saba imelegea, inabidi niikaze.

Sasa soma taratibu. Mwezi wa kwanza, watazamaji sitini na mmoja, simu kabatini thelathini na nne: watu ishirini na saba. Mwezi wa pili, sitini na nne kwa thelathini na tatu: watu thelathini na mmoja. Mwezi wa tatu, sitini na tatu, simu ni zilezile thelathini na tatu, watu thelathini. Mwezi wa nne, ile sitini na sita uliyoililia, simu zilikuwa thelathini na moja: watu thelathini na watano. Kuanzia mwezi wa tano Mrefu anatazama mpira wake, hakuna cha kutoa. Thelathini na wanane, arobaini na mmoja, na mwezi huu uliokwisha, arobaini na tatu.

Ishirini na saba mwezi wa kwanza, arobaini na tatu mwezi wa saba. Karibu asilimia sitini juu. Pale ulipoona watu wameanguka, watu walipanda watatu. Aliyeanguka ni Baba.

Lakini nikitoa gunia huku lazima nilitoe na kule, na hapa ndipo ningeweza kunyamaza, kwa kuwa mchoro wako haufiki huko. Mwezi wako wa mwisho ukitangaza wewe tulikuwa arobaini na wanane, na hao walikuwa watu, kabati lilikuwa bado kwa mafundi. Mwezi uliofuata, wa kwanza wangu, kihesabio kilisema hamsini na mbili. Nilikuandikia siku ileile. Nakumbuka nilivyoandika na wewe unakumbuka: umeondoka na tumeongezeka. Hukunijibu wiki tatu. Nimelitazama daftari. Mwezi ule simu kabatini zilikuwa thelathini na moja. Tulibaki watu ishirini na mmoja. Uliondoka na ishirini na saba, zaidi ya nusu, na mimi nikakupigia vigelegele vya kabati.

Yale maneno nimeyafuta. Najua hayafutiki kwako, lakini kwangu nimeyafuta.

Kwa hiyo ukiniuliza swali lako, watazamaji wanapanda au wanashuka, jibu langu ni hili: siku uliyoondoka tulidondoka vibaya, tangu hapo tunapanda polepole, na bado watano tu tufike pale ulipotuacha. Imenichukua miaka miwili kukusanya watu ishirini na wawili. Si wengi. Wamekuja mmoja mmoja, na kila mmoja naweza kukuambia ni mwezi gani.

Kuhusu dunia nzima sina la kukuambia, sina daftari la dunia nzima. Huenda ni kweli wanaocheza wanapungua. Ila ule mchoro wako wa pili unaanzia mwezi wa ubingwa na kuishia mwezi usio na ubingwa, na wewe unajua kuliko mimi kwamba mwezi wa ubingwa hata wasiojua ngome ni nini huwa wanachungulia. Linganisha ubingwa na ubingwa, ndipo tuzungumze. Tena kucheza na kutazama si kitu kimoja. Hapa kwetu wachezaji walikuwa ishirini na wawili, sasa ni kumi na saba. Kinyonga, yule dereva wa teksi aliyekuwa anakushinda kwa kujificha, ameacha kucheza tangu apate mapacha. Mechi ya saa mbili nzima ataipatia wapi? Lakini anatazama akiwa kwenye foleni ya abiria, na anaandika maoni machafu kuliko zamani. Jana nilichanganya majina ya ngome mbili akaandika: “Fundi, leo wewe ndiye wa kupelekwa kabatini.” Habari ya kabati imeshamfikia. Mrefu hana siri.

Na kuna jambo jingine ambalo sijaliingiza kwenye hesabu, nakuambia tu. Mwezi uliopita nilipeleka simu kwa mafundi cherehani wa ghorofa ya juu ya soko. Ilikuwa Ijumaa, wamefungua marudio ya mechi yetu kwenye simu moja iliyoegemezwa kwenye boksi la nyuzi, na wanawake saba wamegeuza viti. Hawakuniona.

“Angalia alivyo mjinga, kapeleka watu wote mtoni, nani kabaki na ghala?”

“Nyamaza wewe, juzi ulisema hivyohivyo akashinda.”

“Alishinda kwa sababu mwenzake alikuwa kipofu. Pindo lako limepinda huko, tazama kazi.”

“Acha lipinde, ngome ya sita inaenda!”

Nilisimama na simu yao mkononi mpaka ngome ya sita ikaenda. Wananiita, nimegundua, Mama Anayejua. Hata Jumamosi wanatazama hivyo, saba kwa simu moja, na kihesabio kinaandika mmoja. Kwa hiyo miaka miwili nilikuwa na simu thelathini zisizo na mtu, na sasa nina watu saba ndani ya simu moja. Nimewaacha kama kihesabio kilivyowaandika. Nikianza kuongeza vichwa nitakavyo, nitakuwa sina tofauti na mchoro wako.

Ninalotaka kwako ni jambo moja. Kabla ya tarehe thelathini na moja, hamisha umiliki wa chaneli uje kwenye namba yangu. Hatua ni tatu, nimeziandika nyuma ya ukurasa huu kwa mpangilio, usitafute njia ya mkato. Huo mchezo wako wa dakika nane ufungulie jina jingine, majina hayajaisha. Na kama hutaki, basi funga, sitakupigia simu kukulilia. Ila ukifunga, sema umefunga kwa sababu umetaka. Usiseme ni kwa sababu ya watu kuondoka. Hawakuondoka. Wale thelathini walikuwa kabatini na hawa arobaini na tatu wapo.

Utauliza kama nimeumia. Nimejitafuta sana wiki hii, kama mtu anayejipapasa baada ya kuanguka, na sijakuta mahali panapouma. Nikiulizwa nipo, natengeneza simu, Jumamosi natangaza. Jana nilipofika kwenye salamu za mwisho, pale kwa wale walio kimya, nilisita. Nikakumbuka kabati linatazama mpira. Nikasema hivyohivyo: na ninyi msioandika, nawaona. Sikujua namwambia nani. Nikazima.

Halafu nikafungua ile safu ya mwisho ya takwimu, ya mahali watazamaji walipo. Wewe hujaigusa kwenye mchoro wako, na mimi sikuwahi kuijali, kwa kuwa karibu wote ni wa hapahapa. Imo orodha fupi ya miji ya nje, na mji wako umo. Mtazamaji mmoja. Kila Jumamosi tangu mwezi wa kumi na moja mwaka jana. Huingia dakika ya nne au ya tano, nimepiga hesabu ya saa, ni muda ambao zamu ya alfajiri huko inatoka kazini. Hukaa mpaka ngome ya mwisho ianguke. Hutoka kabla sijaanza salamu.

Mji wenu ni mkubwa, naweza kukosea. Huenda ni mtu mwingine kabisa, msomaji wa nyota au fundi bomba anayependa lugha yetu. Ila mwezi wa sita, Jumamosi zile tatu ulizolala na kifua, hakuwepo.

Jana jioni nilimpelekea Baba uzito halisi kama alivyoagiza. Nilimsomea mwezi kwa mwezi, akawa anatikisa kichwa kila nikitoa. Nilipofika kwenye mmoja wa mji wako, nikamweleza na zile Jumamosi tatu, akaomba miwani, akaangalia mwenyewe. Akauliza, “Na huyu je, naye ni gunia? Utamtoa?”

Nikamwambia hapana. Huyu namwacha ndani.

Jumamosi ijayo, ukiweza, usitoke mapema. Salamu huchukua dakika mbili.

Baba anakusalimu, anasema nyonga inaunga na kwamba mwezi wa kumi atarudi kwenye kabati, safari hii nimchagulie video mwenyewe nisije nikamlaumu. Shangazi anakusalimu, anakukumbusha nguo nzito na anauliza lini utaleta mtu nyumbani, hilo nimeahidi kuliandika nami nimeliandika. Mrefu na watoto wake watatu wanakusalimu. Kinyonga anakutukana kwa upendo. Wafikishie salamu hizo wote unaokaa nao hapo, na nesi mpe maji kabla ya maswali.

Mungu akulinde kwenye zamu zako, akurudishie kifua chako, na siku ya kurudi akufikishe ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako akupendaye, uzito halisi, gunia limeshatolewa,

Fundi